XAMPP: MySQL imegoma kuwaka baada ya umeme kukatika, na sasa majedwali yote yanaleta hitilafu namba 1932

KaraniWaKibirizi ameuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi ya hapa nilipofikia.

Ninatunza hesabu za mfanyabiashara mmoja wa dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma. Mfumo tunaoutumia uliandikwa kwa PHP na kijana ambaye amekwisha kuhama mkoa na simu yake haipatikani tena. Unaendeshwa kwenye kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, ndani ya XAMPP (kifurushi chenye Apache, MySQL na PHP pamoja), na hifadhidata yake inaitwa bohari. Ina majedwali manne: wateja, mizigo, mikopo na malipo. Hilo la mikopo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu wavuvi huchukua petroli na betri za taa kwa mkopo, kisha hukatwa kidogo kidogo kila wanapoleta dagaa waliokauka. Daftari la mkono tuliliacha mwezi wa tatu. Kwa bahati hivi sasa ni mbalamwezi na mitumbwi imepumzika, lakini giza likirudi kila mmoja atakuja kuuliza deni lake limebaki shilingi ngapi.

Juzi usiku nilikuwa ninaingiza mzigo wa madumu 42 ya mawese ya mkulima wa Mwandiga. Nilipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, umeme ukakatika, nasi hatuna UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta. Asubuhi nilifungua XAMPP, Apache ikawaka vizuri, lakini MySQL ikawa ya kijani kwa sekunde mbili tatu kisha ikazimika, na chini yake pakatokea maandishi mekundu: *Error: MySQL shutdown unexpectedly*. Nilizima na kuwasha kompyuta mara tatu, hali ikawa ile ile.

Ndipo nikafuata maelekezo ya video moja. Niliambiwa nibadilishe jina la folda ya C:\xampp\mysql\data, nami nikaiita data_zamani. Kisha nitengeneze folda mpya iitwayo data, nihamishie humo vilivyomo kwenye folda ya backup, na mwisho ninakili ndani yake folda yangu ya bohari. Nilifanya hivyo. MySQL imewaka na haizimiki tena. Nikifungua phpMyAdmin, ukurasa wa kuangalia hifadhidata, ninayaona majedwali yangu yote manne yamejipanga upande wa kushoto, lakini kila ninalobofya linajibu hivi:

*#1932 - Table 'bohari.mikopo' doesn't exist in engine*

Yaani jina lake naliona, ila nikiligusa ninaambiwa halipo. Je, data imekwisha kupotea? Na je, niondoe XAMPP yote nisakinishe upya, kama anavyonishauri binamu yangu?

---

Fundi_Gungu amejibu:

Dada, usiondoe wala usisakinishe chochote. Folda ya data imo ndani ya XAMPP yenyewe, kwa hiyo anayeiondoa XAMPP kwa haraka huenda akaondoka na data pia. Kwa maelezo yako sidhani kama umepoteza kitu hadi sasa, alimradi hiyo folda ya data_zamani bado ipo kama ulivyoiacha. Jambo la kwanza, kabla hujasoma hata aya inayofuata, simamisha MySQL, funga kidirisha cha XAMPP, kisha nakili data_zamani nzima kwenye flashi. Linganisha ukubwa wa nakala na wa folda asilia mpaka namba zilingane. Kuanzia hapo kila jaribio tutalifanya juu ya nakala.

Sasa nieleze kwa nini unayaona majedwali ambayo hayafunguki, maana ushauri wa ile video ni wa kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuangusha. Kwanza, ingawa kidirisha kinaandika MySQL, XAMPP za tangu mwishoni mwa mwaka 2015 zina MariaDB, ndugu yake MySQL, ndani yake, na hizi tunazozitumia sasa nyingi zina toleo la 10.4. Katika toleo hilo kila jedwali la InnoDB, yaani injini inayohifadhi data ya majedwali yako, lina mafaili mawili ndani ya folda ya bohari: mikopo.frm, ambalo ni maelezo ya safu zake, na mikopo.ibd, ambalo ndilo lenye rekodi zenyewe. phpMyAdmin inapokuonyesha majina, inatosheka kuona yale ya .frm. Lakini InnoDB haianzi na folda. Inaanza na kamusi yake ya ndani, iliyomo kwenye faili liitwalo ibdata1, ambalo halimo ndani ya bohari. Liko nje, moja kwa moja ndani ya data. Kamusi hiyo ndiyo inayosema kwamba jedwali fulani lipo na namba ya hifadhi yake ni fulani. Wewe umeleta bohari ya zamani ukaiweka pamoja na ibdata1 mpya iliyotoka kwenye folda ya backup, ambayo haijawahi kusikia habari za jedwali linaloitwa mikopo.

Wewe ni mtu wa mizigo, utanielewa nikisema hivi: magunia yamefika stesheni na yako salama kwenye bohari, ila kitabu cha kupokelea kilichoko mezani kwa karani ni kipya na kurasa zake ni tupu. Ukimwuliza, atakujibu bila hata kuinua kichwa kwamba mzigo wako haupo.

Kwa hiyo video ilipaswa kuongeza sentensi moja tu: pamoja na folda yako, chukua pia ibdata1, ib_logfile0 na ib_logfile1 kutoka kwenye folda ya zamani. Lakini usikimbilie kufanya hivyo bado, kwa kuwa hatujajua kilichoizuia MySQL kuwaka siku ile ya kwanza. Yale maneno kwamba imezimika ghafla hayasemi chochote; ni sawa na mgonjwa kusema anaumwa. Poti namba 3306 ikiwa imeshikwa na programu nyingine utapata ujumbe huo huo, my.ini, faili la mipangilio ya MySQL, ikiwa na herufi moja mbaya utapata huo huo, na faili likiharibika utapata huo huo.

Fungua data_zamani, tafuta faili liitwalo mysql_error.log, lifungue kwa Notepad, shuka mpaka mwisho, utuletee mistari ya asubuhi ile. Angalia usichukue la kwenye data ya sasa, maana hilo linasimulia habari za folda mpya.

---

Kijana_wa_Bangwe amejibu:

Mimi yalinikuta kama hayo mwaka jana. Nilifuta ib_logfile0 na ib_logfile1, MySQL ikawaka papo hapo na sijaona tatizo hadi leo. Mafaili hayo seva huyatengeneza yenyewe upya. Ikishindikana, weka *innodb_force_recovery = 6* kwenye my.ini na itawaka tu, itake isitake.

---

Fundi_Gungu amejibu:

Ndugu yangu wa Bangwe, ninashukuru kwa nia njema, lakini naomba dada asifanye hata moja kati ya hayo mawili, na nitaeleza sababu.

Ukihifadhi rekodi, InnoDB haikimbilii kuiandika moja kwa moja kwenye .ibd. Inaiandika kwanza kwenye ib_logfile, inakujibu kwamba imehifadhi, kisha kwa wakati wake inaipeleka kwenye faili la jedwali. Umeme ukikatika katikati, zipo rekodi ambazo mtumiaji aliambiwa zimehifadhiwa ilhali bado ziko kwenye ib_logfile peke yake. Seva inapowaka tena huzisoma humo na kukamilisha kazi. Anayefuta mafaili hayo baada ya seva kuzimika vibaya anafuta hasa zile rekodi za dakika za mwisho, na pengine anaacha kurasa za jedwali zikiwa hazipatani. Wewe hukuona tatizo kwa sababu pengine hapakuwa na kitu humo siku ile, au kwa sababu hukuhesabu.

Kuhusu *innodb_force_recovery*, ngazi zake ni 1 hadi 6, nazo si nguvu zinazoongezeka. Ni ukaguzi unaozidi kuachwa. Kuanzia 4 kwenda juu unaweza kuharibu data moja kwa moja, na nyaraka za MySQL zenyewe zinaonya hivyo. Anayeihitaji huanza na 1, tena juu ya nakala, tena baada ya kusoma logi na kuona kwamba InnoDB ndiyo iliyokwama. Hatujafika huko. Tusubiri logi.

---

KaraniWaKibirizi amejibu:

Nakala nimeiweka kwenye flashi na ukubwa umelingana. Hii ndiyo sehemu ya mwisho ya faili, nimeondoa tarehe na mistari ya katikati ili isomeke:

*[ERROR] mysqld.exe: Aria recovery failed. Please run aria_chk -r on all Aria tables and delete all aria_log.######## files*
*[ERROR] Plugin 'Aria' init function returned error.*
*[ERROR] Plugin 'Aria' registration as a STORAGE ENGINE failed.*
*[Note] InnoDB: Starting crash recovery from checkpoint LSN=...*
*[Note] InnoDB: 10.4.x started, log sequence number...*
*[ERROR] Could not open mysql.plugin table. Some plugins may be not loaded*
*[ERROR] Failed to initialize plugins.*
*[ERROR] Aborting*

Neno hili Aria sijawahi kulisikia. Hata kijana aliyetuandikia mfumo hakulitaja.

---

Fundi_Gungu amejibu:

Hakulitaja kwa sababu hakulihitaji. Aria ni injini nyingine ya kuhifadhi iliyomo ndani ya MariaDB, na katika toleo la 10.4 majedwali mengi ya seva yenyewe, yaani yale ya watumiaji, ruhusa na programu-jalizi yaliyomo kwenye folda inayoitwa mysql, yanahifadhiwa kwa Aria. Ya kwako ya bohari ni InnoDB.

Soma sasa mistari yako kwa utaratibu. Aria imeshindwa kujirudisha. Kisha, huo mstari wa tano ambao huenda uliupita bila kuutazama, InnoDB inasema imeanza. Imepitia ib_logfile zake, imemaliza kazi iliyobaki, iko tayari. Halafu seva inataka kusoma jedwali la programu-jalizi, haliwezi kufunguliwa kwa kuwa ni la Aria, basi seva nzima inajifunga. Kwa maneno mengine, mikopo yako ilikuwa mizima tangu asubuhi ile ya kwanza, na kilichoharibika ni kijitabu cha mlinzi wa getini. Hizo faili mbili ambazo ndugu yetu alitaka uzifute ndizo zilizofanya kazi vizuri kuliko zote usiku ule.

Logi imekuambia pia dawa yake, na mimi ninaifuata kama ilivyo. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukamilisha ile ya video kwa kuleta ibdata1 na ib_logfile zote mbili. Ingefanya kazi, lakini folda ya mysql itakuwa ile ya kiwandani, kwa hiyo kama kijana aliunda mtumiaji mwenye nywila yake kwa ajili ya mfumo, mtumiaji huyo atakuwa hayupo nawe utaanza kupambana na hitilafu namba 1045 ya kunyimwa ruhusa. Ya pili ni kurudi kwenye folda yako asilia na kuitibu Aria. Ninaipendelea hii.

MySQL ikiwa imesimama, badilisha jina la data ya sasa liwe data_video, wala usiifute. Kisha nakili data_zamani, na hiyo nakala uipe jina data. Ninasisitiza kunakili: data_zamani ibaki pale pale bila kuguswa. Sasa kwenye kidirisha cha XAMPP bonyeza Shell, uandike:

`cd C:\xampp\mysql\data`
`..\bin\aria_chk -r mysql\db`

Amri ya pili inatengeneza jedwali moja liitwalo db. Rudia amri hiyo kwa kila jedwali ndani ya folda ya mysql lenye faili linaloishia na .MAI: plugin, global_priv, proc na mengineyo. Inachosha kidogo, lakini ni kazi ya dakika kumi. Ukimaliza, hamisha aria_log.00000001 na mafaili mengine ya aria_log yanayofuatwa na namba, uyapeleke kwenye folda nyingine nje ya data. Programu inasema yafutwe. Mimi huwa ninayahamisha, kwa sababu kilichofutwa hakiombwi radhi. Yale ya ibdata1 na ib_logfile usiyaguse kabisa. Kisha bonyeza Start.

---

MtuWaIpuli amejibu:

Nimefuatilia kutoka hapa Tabora na ninaunga mkono njia ya pili. Ninaongeza jambo moja kwa wale watakaofika hapa wakiwa wamekwisha kuifuta ibdata1 yao na wamebakiwa na folda ya jedwali tu. Hata hapo msikate tamaa. Mkiwa na .ibd na mkiujua muundo kamili wa jedwali, mnaweza kuunda jedwali tupu lenye muundo ule ule kwenye seva ya toleo lile lile, mkatoa amri ya *ALTER TABLE mikopo DISCARD TABLESPACE*, mkaweka faili la zamani mahali pake, kisha *ALTER TABLE mikopo IMPORT TABLESPACE*. Seva italalamika kwamba haioni faili la .cfg, lakini kwa kawaida hupokea. Ni kazi ya jedwali moja moja, na safu ikitofautiana kidogo tu inakataa, ndiyo maana ninasema iwe ya mwisho kabisa.

---

KaraniWaKibirizi amejibu:

Imewaka! Nimefungua jedwali la mikopo na limefunguka, rekodi 1,204. Nilipofika kwenye jedwali la nne la .MAI nilikosea nikaandika jina lenye .MAD badala ya .MAI, likanikatalia, nikarudia. Mengine yalikwenda bila maneno.

Lakini nimekuta jambo jipya. Ule mzigo wa madumu 42 nimeukuta kwenye jedwali la mizigo, ukiwa na jina la mkulima, tarehe na idadi sahihi. Kwenye malipo hakuna mstari wake hata mmoja. Kwa utaratibu wetu mzigo ukipokelewa, sehemu ya thamani yake inaingia kwenye malipo ili kupunguza deni la mwenye mzigo. Sasa mfumo unasema mkulima ameleta mawese lakini deni lake liko pale pale. Je, huo mstari wa malipo umepotea kwenye matengenezo haya?

---

Fundi_Gungu amejibu:

Haukupotea, haukuwahi kuandikwa. Tunaweza hata kukisia sekunde yenyewe. Fungua faili la PHP linalohifadhi mzigo, bila shaka utakuta amri ya INSERT ya mizigo, chini yake hesabu fulani, kisha INSERT ya pili ya malipo. Kila moja inajitegemea na inahifadhiwa peke yake mara tu inapotekelezwa. Umeme ulikatika kati ya ya kwanza na ya pili. InnoDB ilitunza ile iliyopokea; ile ya pili haikuifikia.

Hilo si kosa la seva, ni kosa la programu. Amri mbili ambazo hazina maana moja bila nyingine zinapaswa kufungwa ndani ya muamala mmoja, ili ama zote ziingie ama zote zisiingie. Kama kijana alitumia PDO, njia mojawapo ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, marekebisho ni mistari michache: *beginTransaction()* kabla ya amri ya kwanza, *commit()* baada ya ya pili, na *rollBack()* ndani ya catch. Kama angefanya hivyo, usiku ule mzigo usingeonekana kabisa, nawe ungeuingiza upya asubuhi ukiwa na karatasi yako mkononi. Kukosekana kwa rekodi nzima kunaonekana. Rekodi iliyoandikwa nusu inafanana na rekodi nzima, na hiyo ndiyo inayoniogopesha zaidi kuliko seva isiyowaka.

Ninakuomba uendeshe hoja hii kwenye phpMyAdmin, ukibadilisha majina ya safu yafanane na yenu:

`SELECT m.id, m.tarehe, m.mteja_id FROM mizigo m LEFT JOIN malipo p ON p.mzigo_id = m.id WHERE p.id IS NULL;`

Itakuletea kila mzigo usio na malipo. Ikileta mmoja tu, uandike huo mmoja kwa mkono yaishe. Ninashuku haitaleta mmoja, maana Kibirizi umeme haukukatika juzi kwa mara ya kwanza.

---

MtuWaIpuli amejibu:

Dada akiwa anaangalia hilo, niseme neno kuhusu nakala rudufu, kwa sababu yaliyonipata hapa Tabora nisingependa yampate mwingine.

Ninatunza hifadhidata ya kikundi cha wanunuzi wa asali. Kwa miezi saba nilikuwa ninatoa nakala kila Ijumaa kwa mysqldump, programu ya kutoa hifadhidata kama faili la maandishi, na nilijihesabu kuwa mtu makini. Siku kompyuta ilipokufa nikapeleka faili kwenye kompyuta nyingine, likakataliwa kwenye mstari wa kwanza kabisa. Nilikuwa ninaiendesha mysqldump ndani ya PowerShell na kuelekeza matokeo kwa alama ya >, nami sikujua kwamba PowerShell inayokuja na Windows 10 huyaandika maandishi hayo kwa UTF-16, mfumo wa kuhifadhi herufi ulio tofauti na UTF-8. Ukilifungua kwa Notepad linasomeka vizuri, ila ukubwa wake ni karibu mara mbili na mysql hailielewi. Niliokoka kwa kulifungua na kulihifadhi upya kwa UTF-8, lakini jasho lilikuwa limekwisha kunitoka. Tangu hapo ninaandika hivi, bila alama yoyote ya kuelekeza:

`mysqldump -u root --single-transaction --result-file=D:\nakala\bohari.sql bohari`

Hiyo *--single-transaction* inaifanya nakala ya majedwali ya InnoDB iwe picha ya wakati mmoja hata kama mtu anaendelea kuingiza mizigo.

Kikwazo cha pili nilikutana nacho saa hiyo hiyo: hitilafu namba 2006, kwamba seva imeondoka. Seva haikuondoka kokote. Kwenye my.ini ya XAMPP thamani ya *max_allowed_packet* ni 1M, na faili langu lilikuwa na mstari mmoja wa INSERT mrefu kuliko hapo. Niliweka 64M chini ya [mysqld], nikazima na kuwasha MySQL, likapita. Na kwa atakayeletewa faili lililotoka kwenye MySQL 8 akaona hitilafu namba 1273 ikilalamikia *utf8mb4_0900_ai_ci*, ajue kwamba huo ndio mpangilio wa herufi wa kawaida wa MySQL 8 na MariaDB 10.4 haiujui, abadilishe maneno hayo ndani ya faili yawe *utf8mb4_unicode_ci*, kisha ajaribu tena.

Jambo la mwisho ni dogo lakini nimeliona kwenye ofisi nyingi: watu huzima Windows huku MySQL ikiwa bado inawaka. Bonyezeni Stop kwanza. Na UPS, hata ile ndogo ya kukupa dakika kumi, ni bei ndogo ukilinganisha na jedwali la mikopo. XAMPP yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya watengeneza programu kufanyia majaribio, haikukusudiwa kubeba biashara, ingawa ninakiri kwamba mimi pia ninaibebesha.

---

KaraniWaKibirizi amejibu:

Nimeendesha hoja. Imeleta mizigo mitatu.

Mmoja ni wa madumu 42 ambao tumeuzungumza. Wa pili ni wa gunia moja la dagaa, mwenyewe amekwisha kulipa deni lake lote kwa fedha taslimu, kwa hiyo yeye tutamrudishia. Wa tatu ni wa mwezi wa sita: magunia sita ya mzee mmoja wa Katonga. Mzee huyu amekuja dukani mara nne akisema kwamba magunia yake sita hayakukatwa kwenye deni, na kila mara mimi mwenyewe nilimgeuzia kioo cha kompyuta nikamwonyesha deni lake likiwa vile vile. Sikuwahi kufungua jedwali la mizigo kuangalia, nilifungua ukurasa wa deni tu. Mara ya mwisho aliondoka bila kuaga.

Nimelinganisha tarehe na daftari la mlinzi wa usiku, ambaye huandika saa ya kuwasha jenereta kwa sababu ya mafuta. Usiku wa mzigo wake jenereta iliwashwa saa tatu na dakika ishirini, na mzigo umeandikwa saa tatu na dakika kumi na saba.

Mistari yote mitatu ya malipo nimeiandika kwa mkono na tajiri ameweka sahihi pembeni ya kila mmoja kwenye karatasi. Kuhusu muamala, nimelipata faili, linaitwa hifadhi_mzigo.php, na ni PDO kama ulivyosema. Amri mbili ziko mbali kwa mistari kumi na minne na katikati yake kuna hesabu ya asilimia. Nimeweka *beginTransaction* na *commit*, kisha nikajaribu kwa kuandika kwa makusudi jina la safu isiyokuwepo kwenye amri ya pili. Hitilafu ilitokea, na nilipoangalia jedwali la mizigo, mzigo wa majaribio haukuwemo. Nimerudisha jina sahihi.

Nakala nimeitoa kwa amri ya ndugu wa Ipuli na kuirudisha kwenye kompyuta mpakato ya binamu yangu, ambaye hajasema tena habari ya kusakinisha upya. Mikopo 1,204 huku na 1,204 kule. Kesho asubuhi ninapanda bodaboda kwenda Katonga na karatasi ya mzee, kabla mitumbwi haijarudi ziwani.

---

Fundi_Gungu amejibu:

Mpelekee na nakala ya ukurasa wake mpya wa deni, iliyochapishwa. Na ile folda ya data_zamani uiache hapo hapo mpaka giza moja lipite na hesabu zikae sawa, ndipo uifute.